Doreen Anapaka Nyumba ya Mtu

Serikali ya Marekani ilikuwa tayari kusimama mbele ya benki na kumdhamini Doreen Kaczala kwa miaka thelathini. Angeshindwa kulipa, angefukuzwa kazi, angetorokea Kanada na mwanamume mwenye nywele za kubandika, serikali ingemlipia bila kununa. Kitu kimoja tu haikuweza kukivumilia: rangi inayobambuka.

Mthamini aliyeletwa na benki alikiona kipande cha kwanza pembeni mwa dirisha la jikoni. Akakichokoa kwa ukucha, kikaanguka. Akachokoa kingine. Kisha akarudi nyuma, akaitazama nyumba nzima kuanzia paani mpaka kwenye majani, akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa aliyekwisha kufa.

"Nyumba ya zamani hii," akasema. "Rangi za enzi hizo zina madini ya risasi. Mtoto akila vipande hivi, anaharibika ubongo."

"Mimi sina mtoto," Doreen akasema.

"Serikali haijui hilo."

"Serikali inajua mpaka saizi ya sidiria yangu! Mwezi mzima nawapelekea makaratasi."

Mthamini hakucheka. Watu wa kazi ile nadhani huchujwa mapema, anayecheka anapelekwa idara nyingine. "Ikwanguliwe yote," akasema, "ipakwe upya, na kila kipande kilichoanguka kiokotwe. Nikirudi nikakuta hata kimoja kwenye majani, hakuna mkopo." Akaingia kwenye gari lake akaondoka.

Sisi majirani wa Mtaa wa Dexler, Toledo, tulikuwa barazani kwetu tukijifanya tunasoma magazeti. Doreen alisimama pale katikati ya majani, mama mnene wa miaka arobaini na kitu, kofia ya timu ya besiboli kichwani, kipande cha rangi kiganjani, akakitazama utadhani ni jino lake mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kuendesha basi la shule, lile la njano. Alikuwa na sauti ya kunyamazisha watoto sitini bila kugeuza shingo. Nyumbani kwake lakini alitembea kwa soksi, kwa sababu nyumbani kwake hapakuwa kwake. Alipanga ghorofa ya juu kwa Bwana Fenstermaker tangu enzi alipokuwa bado na kiuno, na Bwana Fenstermaker, aliyeishi chini, alikuwa na ufagio maalumu wa kugongea dari. Doreen akidondosha kijiko, ufagio. Akipiga chafya, ufagio. Mwezi Machi mwenye nyumba huyo akatangaza kwamba mpwa wake anaoa, na ghorofa ya juu itahitajika mwanzoni mwa Julai.

Ndipo Doreen akaanza kusikiliza redio kwa makini. Maana mwaka ule wa 2010 nchi ilikuwa imejaa nyumba zisizo na watu na watu wasio na nyumba, na wakubwa wa Washington, baada ya kuumiza vichwa, walikuja na wazo. Anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza, serikali itamrudishia sehemu ya kumi ya bei kupitia kodi zake, mradi isizidi dola elfu nane. Juu ya hapo, kama hana akiba ya maana, serikali hiyo hiyo itamdhamini benki impe mkopo kwa kianzio kidogo. Masharti: mkataba usainiwe kabla Aprili haijaisha, na nyumba ikabidhiwe kabla Juni haijaisha. Ukichelewa siku moja, hupati kitu, hata uje umepiga magoti.

Mkataba Doreen aliuwahi. Nyumba ilikuwa ya Mzee Elmer Rettig, mjane aliyefanya kazi kiwanda cha vioo mpaka kiwanda kikamchoka. Vyumba viwili, chumba cha chini ya ardhi kinachonuka soksi, na tanuri la kupashia joto lililokuwa likikohoa kama mvutaji sigara wa siku nyingi. Hesabu ya Doreen ilikuwa fupi. Bila mkopo wa serikali, hakuna nyumba. Bila zile fedha za kodi, hakuna tanuri jipya, na mtu asiye na tanuri Toledo mwezi wa Januari hukutwa ameganda kitandani kama soseji za akiba. Vyote viwili sasa vilikuwa vimening'inia kwenye rangi ya mtu mwingine.

Dalali alikuwa Colleen Saba, mwanamke ambaye sura yake ilichapwa kwenye mabenchi ya vituo vya basi mji mzima, kwa hiyo nusu ya Toledo ilikuwa imekwisha mkalia usoni. Doreen alimpigia simu hapo hapo kwenye majani.

"Mwambie Mzee apake."

"Nimeshamwambia, mpenzi. Amekataa."

"Amekataaje? Si anauza?"

"Anasema ameiuza kama ilivyo. Asiyetaka asinunue."

"Basi nitapaka mimi."

Colleen akashusha sauti. "Doreen, mpenzi, sikiliza. Nyumba bado si yako. Ukipaka halafu mambo yakaharibika, utakuwa umempaka mtu nyumba yake bure. Na ukianguka kwenye ngazi, hakuna bima. Mimi sheria hainiruhusu kukushauri ufanye hivyo."

"Kwa hiyo nisifanye?"

"Nimesema hainiruhusu kukushauri. Sijasema sitashukuru."

Doreen akapanda vingazi vya baraza, akagonga. Mzee Rettig akafungua mlango nusu. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa shati la kazi lenye jina lake kifuani ingawa kazi ilikwisha zamani. Hapa mtaani tulimhesabu mtu wa maringo. Unampungia mkono, yeye anakutikisia kidevu. Miaka nenda rudi, hatukuwahi kuona mkono wake ukipanda juu kusalimia mtu.

"Nasikia hutaki kupaka," Doreen akasema.

"Umesikia vizuri."

"Naomba nipake mimi. Kwa fedha zangu."

Mzee akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Wewe?"

"Mimi."

"Umewahi kupaka nyumba?"

"Nimewahi kupaka kucha."

"Kanuni ni ile ile, eneo tu ndilo limeongezeka," Mzee akasema bila kutabasamu. "Paka ukitaka. Mimi brashi sishiki. Na usiniangushie ngazi kwenye maua ya Irma." Irma alikuwa mkewe, marehemu. Akafunga mlango.

Rangi mpya ni ghali, na akiba ya Doreen benki walikuwa wanaichungulia kila wiki, isipungue hata senti bila maelezo. Kwa bahati duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa na rafu ya rangi zilizochanganywa vibaya. Mtu anaagiza rangi ya mbingu, anapewa rangi ya jeraha, anakataa, kopo linawekwa pembeni na kuuzwa kwa bei ya soda. Doreen akaizoa rafu nzima. Kisha yeye na Gus Tokoly, dereva mwenzake wa basi, wakayamwaga makopo yote kwenye pipa moja la takataka lililooshwa, wakakoroga kwa mpini wa jembe.

Gus akachungulia. "Hii rangi gani?"

"Rangi ya nyumba."

"Inafanana na supu ya shule ya Alhamisi."

"Koroga, Gus."

"Nakoroga. Nauliza tu kama tutaipaka au tutaigawa kwa vikombe."

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo muda Doreen alikuwa nao, mshahara hakuwa nao. Wakatandaza plastiki kuzunguka nyumba, wakafunga vitambaa puani, wakaanza kukwangua. Aliyewahi kukwangua nyumba ya mbao anajua. Unadhani unaondoa rangi, kumbe unafukua historia: chini ya nyeupe kuna kijivu, chini ya kijivu kuna kijani, chini ya kijani kuna kitu ambacho hata madikteta hawakipaki ofisini kwao. Upande mmoja ukamalizika. Kisha mvua ikaja.

Si mvua ya kusifiwa, ni ile ya Ziwa Erie inayokaa mjini kama shemeji asiye na nauli. Mbao tupu zikalowa. Rangi haipakwi juu ya mbao mbichi, kila mtu anajua, hata Gus. Doreen akaketi ndani ya gari lake akiitazama nyumba kupitia vioo vinavyotiririka maji. Simu ikalia. Ni Bwana Fenstermaker.

"Doreen, mpwa wangu anataka kuja kupima mapazia."

"Bado naishi humo!"

"Atapima kimya kimya."

Mvua ilipokata, akakodi feni kubwa mbili zinazokaushia vyumba vilivyofurika, akazielekeza ukutani. Majirani tukaacha kujifanya tunasoma magazeti. Kuna mtu alileta kahawa, kuna mtu alileta pierogi, vile vifuko vya unga vyenye viazi ndani, na vitunguu vya kukaanga, kuna mtu alileta ushauri tu. Mzee Rettig alitoka mara moja moja, akasimama barazani mikono imebana mbavuni, akakosoa.

"Unapaka kinyume cha mbao."

"Mbao haina kinyume, Mzee."

"Ina. Kama nywele. Shuka nayo."

Doreen alishuka nayo. Ubaya ni kwamba mzee yule alikuwa kila mara anasema kweli.

Kazi ilipokwisha, kikabaki kile kituko cha vipande. Vile vilivyoikwepa plastiki vilikuwa vimejificha kwenye majani. Doreen na Gus wakapiga magoti, wakasogea bega kwa bega kutoka ukutani hadi barabarani, wakiokota kimoja kimoja kwa vidole. Gari likipita, linapunguza mwendo. Dereva mmoja akauliza kama kuna mtu amepoteza pete.

"Amepoteza akili," Gus akajibu. "Ukiiona, ni ndogo, ya rangi ya supu."

Mthamini akarudi. Akazunguka nyumba. Akachokoa pembeni mwa dirisha la jikoni, ukucha ukateleza. Akainama kwenye majani. Doreen alikuwa amebana pumzi mpaka masikio yakawa yanavuma. Mthamini akaokota kitu, akakigeuza, akakileta karibu na macho.

"Petali la ua," akasema, akalitupa. "Imepita."

Gus akampiga Doreen mgongoni kwa nguvu hadi kofia ikadondoka. Benki ikathibitisha mkopo. Siku ya kukabidhiana ikapangwa, siku ya mwisho kabisa ya Juni, kwa sababu kila mnunuzi wa mara ya kwanza Toledo nzima alikuwa amejazana mlangoni kwa watayarisha hati, na hiyo ndiyo nafasi pekee iliyobaki. Doreen akafunga vyombo vyake kwenye maboksi. Mpwa wa Fenstermaker akapima mapazia.

Sasa nyumba ile. Ni vigumu kueleza ilivyokuwa imependeza. Ile supu ilipokauka juani iligeuka rangi ambayo hakuna aliyekuwa na jina lake: asubuhi kama maziwa yenye asali, jioni kama ngozi ya pichi. Watu waliokuwa wakipita upande wa pili wa barabara walivuka kuja kuitazama. Mwanamke mmoja aliomba kupiga picha na mbwa wake. Mzee Rettig alitoa kiti nje, akaketi barazani siku nzima, anatikisa kidevu kulia na kushoto kama mfalme anayepokea salamu.

"Elmer, nyumba imekuwa mpya!" jirani akamwambia.

"Imekuwa," Mzee akasema.

Na kesho yake akampigia simu Colleen Saba, akamwambia hauzi tena.

Siku iliyofuata simu hiyo ilikuwa ndiyo siku ya mwisho ya Juni.

Colleen alimwambia Doreen kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. "Mkataba upo, mpenzi. Unaweza kumshtaki. Utashinda."

"Lini?"

"Labda kufikia Krismasi."

"Na fedha za kodi?"

Colleen hakujibu. Kwa dalali, kunyamaza ni maradhi makubwa. Kisha akasema, "Mimi sielewi. Nilifanya kila kitu. Mpaka Yosefu nilimzika."

Hapa inabidi niseme, kwa wasiokulia huku, kwamba nyumba ikikataa kuuzika sisi humzika Yosefu Mtakatifu. Sanamu ya plastiki, ndogo kama kidole, unaichimbia uani kichwa chini miguu juu, na seremala wa Nazareti, akichoka kusimama kwa kichwa, anakutafutia mnunuzi upesi. Wakatoliki wanafanya, Walutheri wanafanya, hata mtu asiyemwamini Mungu anafanya akiona riba inapanda. Madalali huwanunua kwa boksi. Mwaka ule, kwa jinsi biashara ilivyokuwa mbaya, ardhi ya Toledo ilikuwa na maseremala wengi kuliko minyoo.

Doreen akaendesha gari moja kwa moja mpaka Mtaa wa Dexler. Hakugonga. Mlango ulikuwa wazi, akaingia mpaka jikoni, alikomkuta Mzee mezani na kikombe.

"Mzee, umenifanyia nini?"

"Kaa, binti."

"Sikai! Nimekwangua mpaka kucha zimetoka! Keshokutwa sina pa kulala! Kwa nini?"

"Nimebadili mawazo. Mtu haruhusiwi?"

Doreen akafungua mdomo kumtukana, na hapo ndipo macho yake yalipotua dirishani. Juu ya kizingiti cha dirisha, nyuma ya sinki, Yosefu Mtakatifu alikuwa amesimama wima, ameoshwa udongo, anatazama nje.

"Umemfukua," akasema.

"Siku ile ile aliyozikwa," Mzee akasema. "Yule mwanamke wa mabenchi alipoondoka tu. Mtu mzima kumtia kichwa kwenye tope, adabu gani hiyo?"

"Kwa hiyo hukutaka kuuza tangu mwanzo."

"Mwanangu Randy ndiye anayetaka. Yuko Arizona. Ana chumba juu ya gereji yake, anasema nitapenda jua." Akalitamka neno jua kana kwamba ni jina la ugonjwa. "Nikasema sawa, andikeni mkataba. Nilijua hakuna benki itakayoikubali na rangi ile. Wawili kabla yako walikimbia. Nikajua na wewe utakimbia."

"Mimi sikukimbia."

"Ndiyo tatizo lako."

Doreen akatoka. Tukadhani analia. Alikwenda kwenye buti la gari, akatoa kikwangulio, akaegemeza ngazi kwenye ukuta wa mbele, akapanda mpaka juu kabisa karibu na dirisha la chumba cha kulala, akaanza kukwangua. Rangi ile ya maziwa na asali ikaanza kudondoka kama makombo ya mkate.

Mzee akatoka barazani. "Unafanya nini?"

"Nyumba ni yako. Rangi ni yangu. Naichukua."

"Umerukwa na akili!"

"Gus alishasema!"

"Shuka! Nitaita polisi!"

"Waite! Waambie nimeiba supu!"

Mtaa mzima tulisimama. Hakuna aliyecheka. Kila mkwaruzo ulitupita kwenye meno. Yule mwanamke wa picha na mbwa alianza kulia. Doreen alikuwa anakwangua na machozi yanamtoka na makamasi yanamtoka, na kwa hasira alikuwa anakwangua vibaya, pembe ya chuma inachimba mbao, inaacha makovu.

Mzee hakuweza kuvumilia. Nadhani rangi angeisamehe, mbao hapana. "Unachimba!" akapiga kelele. "Laza! Laza chuma! Unaiua mbao!"

"Njoo unionyeshe basi!"

"Shuka nikuonyeshe!"

Doreen akashuka. Mzee akanyakua kikwangulio, akasogea ukutani, akainua mkono. Mkono ukafika usawa wa kifua. Ukasimama. Akajaribu tena, akakunja uso, bega likatetemeka, jasho likamtoka, mkono ukabaki pale pale. Akajaribu wa kushoto. Wa kushoto haukufika hata kifuani.

Tukakumbuka salamu zake zote za kidevu, na maringo tuliyomhesabia. Doreen naye akakumbuka jikoni: vikombe vyote mezani, sahani zote mezani, makopo ya chakula yamepangwa sakafuni kando ya ukuta, na makabati ya juu wazi, matupu.

"Tangu lini?" akauliza polepole.

"Tangu kiwandani. Ilianza kidogo kidogo." Mzee alikuwa bado anautazama ukuta. "Balbu ya chumbani iliungua mwaka juzi. Nalala na tochi."

"Kwa nini hukusema? Mtaa mzima huu, mtu angekubadilishia balbu."

"Halafu wangesema Elmer hajiwezi. Randy angesikia, angekuja na lori siku ile ile."

Doreen akaketi kwenye kingazi cha chini. Akapangusa pua kwa kofia. "Mzee, mimi sina Arizona. Ukininyima nyumba, keshokutwa nalala kwenye basi, na basi lenyewe ni la shule. Wewe ukibaki, utakaa humo gizani mpaka rangi hii nayo ibambuke, na safari hii hakuna mwenda wazimu atakayekuja kupaka."

Mzee akamrudishia kikwangulio kwa kukishika chini, kiunoni, kama mtu anayetoa rushwa. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Hatukujua kama lile lilikuwa ndiyo au hapana. Doreen naye hakujua. Akaenda kuchota rangi iliyobaki kwenye pipa, akapanda tena, akapaka pale alipopakwangua, akishuka na mbao. Nilimuuliza kwa nini anapaka. Akasema, "Sijui. Imekaa vibaya."

Siku ya mwisho ya Juni, ofisi ya hati. Meza ndefu, kalamu nyingi, bakuli la peremende ambazo hakuna aliyewahi kuzila. Doreen amevaa gauni lake la maziko kwa sababu ndilo gauni pekee alilonalo. Colleen Saba anajipaka rangi ya midomo, anaifuta, anajipaka tena. Kiti cha muuzaji kitupu.

Karani akatazama saa. "Nina wengine nyuma yenu. Nawapa dakika chache."

"Anakuja," Colleen akasema.

"Umempigia?"

"Hapokei."

Karani akaanza kukusanya karatasi. Doreen alizitazama zikipangwa, moja juu ya nyingine, akaona tanuri likiondoka, akaona jiko likiondoka, akajiona anatembea kwa soksi kwa mtu mwingine, juu ya kichwa cha Fenstermaker mwingine mwenye ufagio mwingine. Wanandoa waliofuata wakachungulia mlangoni. Karani akawapa ishara waingie.

Nje kukasikika breki. Breki zile Doreen angezitambua hata usingizini. Basi la njano lilikuwa limesimama mbele ya ofisi, limejaa watoto wa kambi ya kiangazi wakiimba wimbo wa matusi, na Gus akiwa kwenye usukani. Mlango ukakunjuka, akashuka Mzee Rettig amevaa suti.

"Samahani," Gus akasema mlangoni, anahema. "Nilipita tu kumchungulia. Nikamkuta amesimama chumbani na koti mkono mmoja. Tangu asubuhi! Nikamwambia twende bila koti, akasema hajawahi kusaini kitu cha maana bila koti. Ikabidi nimvalishe. Nina watoto sitini humo ndani, kwaherini."

Mzee akaketi. Akavuta karatasi karibu na tumbo, ambapo mkono wake ulifanya kazi, akasaini. Taratibu, kila ukurasa, mwandiko mzuri wa watu wa zamani. Doreen akasaini pia, haraka haraka, mpaka jina lake likafanana na mtetemeko wa ardhi. Karani akasukuma funguo mezani.

"Nimemwambia Randy siendi Arizona," Mzee akasema kumwelekea Colleen. "Nitafutie chumba cha chini. Kabati zisizidi kiuno. Na ukimzika tena Yosefu, nitakuripoti kwa padri, na mimi ni Mlutheri."

Doreen alihamia jioni ile ile. Alitembea na viatu. Alipanda ngazi za ndani na viatu, akashuka na viatu, akaruka sebuleni mara moja kwa makusudi, na hakuna aliyegonga dari.

Na huo ungekuwa mwisho, kama si Washington. Wiki ile ile, tarehe ikiwa imekwisha pita, wakubwa wale wale wakatangaza kwamba wamewaonea huruma wanunuzi: muda wa kukabidhiana nyumba umesogezwa mpaka mwisho wa Septemba. Miezi mitatu. Doreen alisikia kwenye redio akiwa juu ya kiti, anafunga balbu mpya chumbani. Akaikaza mpaka ikawaka.

Simu ikalia.

"Umesikia?" Mzee Rettig akauliza. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho hatukuwahi kukisikia mtaani, kicheko kilichokwama kooni.

"Nimesikia."

"Ningekunyima saini, ungekuwa na miezi mitatu ya kunibembeleza."

"Ningekwangua nyumba nzima, Mzee."

"Vibaya," Mzee akasema. "Ungekwangua vibaya. Jumapili nakuja kukagua upande wa mashariki. Weka kahawa, na kikombe kiwe mezani."